Jinsi ya Kuchunguza Tufani, Mafuriko na Ukame wa Zamani

Orodha za matukio makali ya hali ya hewa si haba. Ukitafuta siku yenye joto kali kuliko zote, upepo mkali kuliko wote au tufani iliyoua watu wengi kuliko zote, utapata jibu mara moja, na mara nyingi jibu hilo litakuwa tarakimu tupu isiyo na maelezo. Tarakimu za namna hiyo hunakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine kwa miaka mingi, mpaka ikafika mahali hakuna tena anayeuliza ni nani aliyepima, kwa chombo gani, na chombo hicho kiliwekwa wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi, mwandishi wa habari na mpenzi yeyote wa historia ambaye angependa kulichukua tukio moja la zamani na kulichunguza hadi aweze kusema kwa uhakika kilichotokea. Jambo moja linaongoza maelezo yote yanayofuata: kila rekodi ya hali ya hewa ni ushahidi uliotolewa na mtu, na kila idadi ya vifo ni hesabu iliyofanywa na mtu, kwa hiyo vyote viwili havina budi kuhojiwa kama shahidi anavyohojiwa mahakamani.

Tenganisha hali ya hewa na maafa

Kabla ya kufungua nyaraka yoyote, amua kama unachunguza ukali wa hali ya hewa yenyewe au madhara yaliyowapata watu, maana mambo haya mawili hayaendi sambamba sikuzote. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, kimbunga Denise kilipopita katika kisiwa cha Réunion, mahali paitwapo Foc-Foc palinyesha milimita 1,825 za mvua katika saa 24, nayo ndiyo mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa muda huo. Hata hivyo tukio hilo halitajwi miongoni mwa maafa makubwa ya karne iliyopita. Kinyume chake, mvua ya mawe iliyoanguka katika eneo la Moradabad nchini India tarehe 30 Aprili 1888 ilikuwa ya muda mfupi, lakini inakumbukwa kwa sababu iliua watu 246.

Wakati mwingine vyote viwili hukutana, kisha kazi ya mwanadamu ikazidisha balaa. Mwezi wa Agosti 1975 mabaki ya tufani Nina yalisimama juu ya mkoa wa Henan nchini China na kumwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa siku moja katika baadhi ya maeneo, na bwawa la Banqiao pamoja na mabwawa mengine mengi yakabomoka. Makadirio ya vifo yanaanzia 26,000 hadi 240,000. Anayeandika kwamba watu hao waliuawa na mvua hajakosea kabisa, lakini ameacha nje kuta zilizobomoka, na pia ameacha nje usiri wa serikali uliofanya habari za tukio hilo zikae miaka mingi bila kutangazwa waziwazi. Kwa hiyo andika swali lako kwa sentensi moja yenye mipaka. Mathalani, unataka kujua ni maji kiasi gani yalianguka, mahali gani na kwa muda gani. Au unataka kujua kwa nini watu wa mahali hapo hawakuokoka. Maswali yote mawili yana thamani, ila kila moja lina nyaraka zake.

Thibitisha tarehe na jina la mahali

Hatua hii huonekana ndogo, nayo ndiyo inayowaangusha wengi. Dhoruba kubwa iliyoipiga Uingereza mwaka 1703 inaandikwa katika vitabu vingine kuwa ilitokea usiku wa tarehe 26 Novemba na katika vingine tarehe 7 Desemba. Dhoruba ni ile ile moja. Uingereza ya wakati huo ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 11 ya kalenda ya Gregory iliyokwisha kukubaliwa katika nchi nyingi za Ulaya. Ukiyachukua maandishi ya Uingereza na ya Uholanzi bila kulijua hilo, unaweza kudhani kwamba bahari ile ile ilipigwa na dhoruba mbili katika muda wa majuma mawili.

Maandishi ya Kiarabu yanadai uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa jua, na mara nyingi mwaka mmoja wa Hijria huangukia katika miaka miwili ya kalenda ya kawaida. Daftari za meli nazo zina mtego wake. Katika hesabu ya zamani ya mabaharia, siku mpya ilianza adhuhuri badala ya usiku wa manane, kwa hiyo upepo uliovuma alasiri ya tarehe 10 uliandikwa katika daftari kuwa wa tarehe 11. Jeshi la majini la Uingereza liliacha utaratibu huo mwaka 1805. Majina ya nchi na miji pia hubadilika: kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970 kinatajwa katika magazeti ya wakati huo kuwa kilipiga Pakistan ya Mashariki, sehemu ya Pakistan ambayo mwaka uliofuata ikawa nchi ya Bangladesh. Tengeneza jedwali dogo la majina ya zamani na ya sasa kabla hujaanza kutafuta katika hifadhi za nyaraka, la sivyo utapitwa na nusu ya kumbukumbu zilizopo.

Kihoji chombo, kisha mhoji aliyekisoma

Mfano bora kuliko yote ninaoufahamu ni wa Al-Aziziyah, mji ulioko kusini-magharibi mwa Tripoli nchini Libya. Tarehe 13 Septemba 1922 kituo cha hapo kiliandika nyuzi joto 58 za Sentigredi, na kwa takriban miaka 90 kiwango hicho kikafundishwa shuleni kuwa joto kali kuliko lote lililowahi kupimwa duniani. Mwaka 2010 jopo la wataalamu chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianza kukichunguza upya, na mmoja wao, Khalid El Fadli wa idara ya hali ya hewa ya Libya, akaipata karatasi halisi iliyojazwa kwa mkono siku zile. Vita vilipozuka nchini mwake mwaka 2011, wenzake walipoteza mawasiliano naye kwa miezi kadhaa. Alipopatikana tena, kazi iliendelea hadi ikakamilika mwaka 2012. Ni vyema tukumbuke kwamba sahihisho la sentensi moja katika vitabu vya jiografia liligharimu kazi ya namna hiyo.

Karatasi ile ilionyesha kwamba mwandiko ulibadilika siku mbili kabla ya siku ya rekodi, yaani msomaji mpya alikuwa ameshika zamu, na kwamba msomaji huyo aliandika baadhi ya tarakimu katika safu zisizo zake. Chombo alichokitumia kilikuwa kipimajoto cha aina ya Bellani-Six, ambacho hata wakati ule kilikuwa kimekwisha kupitwa na wakati. Ndani ya mrija wake mna kijiti kidogo kinachosukumwa na zebaki na kubaki mahali joto lilipofika kilele. Kipimo sahihi husomwa kwenye ncha ya chini ya kijiti, lakini mtu asiyezoea huweza kusoma ncha ya juu. Urefu wa kijiti unalingana na takriban nyuzi 7. Zaidi ya hayo, chombo kiliwekwa juu ya sakafu ya kitu kama lami, ambayo hupata joto tofauti na udongo wa jangwa unaolizunguka eneo hilo, na vipimo vyake havikupatana na vya vituo vya jirani wala na vipimo vya kituo hicho hicho vya miaka ya baadaye. Jopo likakifuta kiwango hicho, na rekodi ikarudi kwa Death Valley nchini Marekani, ambako tarehe 10 Julai 1913 ziliandikwa nyuzi 56.7. Kiwango hiki nacho kinapingwa na baadhi ya watafiti, ingawa hadi sasa ndicho kinachotambuliwa rasmi.

Kutokana na mfano huo, maswali ya kukiuliza kipimo chochote cha zamani yanajitokeza yenyewe. Chombo kilikuwa cha aina gani, na kiliwahi kulinganishwa na chombo kingine kinachoaminika? Kilikuwa kivulini, ndani ya kisanduku chenye kupitisha hewa, juu ya ardhi ya kawaida, au kilitundikwa ukutani kwenye jua? Nani alikisoma, saa ngapi, na alikuwa na uzoefu wa muda gani? Vituo vya jirani viliandika nini siku hiyo hiyo? Je, karatasi ya awali bado ipo, au kinachosomwa ni nakala ya nakala? Ukiweza kujibu maswali matatu kati ya haya, umekwisha kumzidi kila anayenakili orodha.

Uchunguzi hauishii katika kufuta tu, kwani wakati mwingine hurejesha kilichopuuzwa. Tarehe 10 Aprili 1996, kimbunga Olivia kilipopita juu ya kisiwa cha Barrow huko Australia, kipimaupepo kilichomilikiwa na kampuni binafsi kiliandika dharuba ya upepo, yaani mvumo mkali wa ghafla, ya kilomita 408 kwa saa. Kwa kuwa chombo hakikuwa cha idara ya serikali, kipimo hicho kilikaa muda mrefu bila kuzingatiwa, na vitabu vikaendelea kutaja kilomita 372 kwa saa zilizopimwa katika mlima Washington nchini Marekani tarehe 12 Aprili 1934. Wataalamu walipokikagua chombo na mfululizo wa dharuba zilizoandikwa kabla na baada ya kile kilele, waliridhika, na mwaka 2010 kipimo cha Barrow kikatambuliwa rasmi. Usikidharau chanzo kwa sababu tu hakina mhuri wa serikali.

Pale ambapo hapakuwa na chombo

Kipimahewa, yaani chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, kilibuniwa na Torricelli mwaka 1643, na mitandao ya vituo ilienea duniani baadaye sana. Kwa matukio ya kabla ya hapo, na hata kwa mengi ya baadaye, itabidi utegemee macho ya watu na alama zilizobaki ardhini.

Ushahidi wa macho hukusanywa kwa wingi, kisha hulinganishwa. Baada ya dhoruba ile ya 1703, mwandishi Daniel Defoe alitoa matangazo magazetini akiwaomba watu wa kila eneo wamwandikie waliyoyaona, na barua alizopokea zinasomwa hadi leo na wataalamu wanaotaka kujua njia ambayo dhoruba ilipita. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alihesabu miti 17,000 iliyong'olewa katika jimbo la Kent kisha akachoka kuhesabu. Habari ya namna hiyo haikupi kasi ya upepo, lakini inakupa eneo lililoathirika, na eneo ni nusu ya kazi. Bahati nzuri, kasisi William Derham alikuwa na kipimahewa karibu na London usiku ule, hivyo maneno ya mashahidi yana kipimo cha kuyaegemeza.

Pendelea maandishi yaliyotungwa kwa sababu nyingine kabisa kuliko yale yaliyotungwa ili kusimulia balaa. Karani aliyeandika bei ya nafaka, mtoza ushuru aliyepunguza kodi ya shamba lililofunikwa na maji, na nahodha aliyeandika mwelekeo wa upepo kila saa hawakuwa na haja ya kumshangaza mtu. Kwa mfano, kimbunga kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kinafuatika vizuri kupitia karafuu: mikarafuu mingi ya Unguja iliangushwa ilhali Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa mzalishaji mkuu wa zao hilo. Kimbunga hicho hicho kiliziharibu meli za Sultani Barghash, na meli iliyojengwa baadaye kuziba pengo hilo ina nyaraka zake. Mtu anayetafuta neno "kimbunga" peke yake katika hifadhi ataikosa habari iliyofichika katika hesabu za biashara.

Alama za ardhini nazo husomwa. Katika mto Elbe, huko Děčín nchini Cheki, kuna jiwe linaloonekana maji yanapopungua kupita kiasi, limechongwa miaka ya ukame, na juu yake kuna maneno ya Kijerumani yenye maana "ukiniona, lia". Mwaka 1616 unasomeka juu yake mpaka leo. Kwenye kuta za miji mingi ya kando ya mito kuna mistari inayoonyesha maji yalifika wapi mwaka fulani. Hapo hakikisha kwamba jiwe lenye mstari halikuhamishwa wakati jengo lilipokarabatiwa, na kwamba kina cha mto hakijabadilika kwa kujengewa kingo. Kumbukumbu za kina cha mto Nile jijini Cairo zinaanzia mwaka 622, na kina kidogo mno cha mwaka 1200 kinathibitishwa na simulizi la tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwa Misri wakati njaa iliyofuata ilipowamaliza watu. Huo ndio mpangilio wa kuutafuta: kipimo upande mmoja, shahidi upande wa pili, na kila mmoja asiwe amenakili kwa mwenzake.

Pete za miti, barafu ya kale na mashapo ya maziwa ya pwani ni kazi ya maabara, na mwandishi wa kawaida atatosheka kusoma matokeo yake. Yanafaa hasa pale ambapo sababu ya tukio ilikuwa mbali na mahali lilipoonekana. Wakulima wa Ulaya na wa kaskazini-mashariki mwa Marekani walioona theluji na baridi kali katikati ya mwaka 1816 hawakuwa na njia ya kujua kwamba chanzo kilikuwa mlima Tambora nchini Indonesia, uliolipuka Aprili 1815 na kurusha angani gesi za salfa zilizopunguza mwanga wa jua. Barafu ya ncha za dunia ndiyo iliyohifadhi salfa hiyo.

Hesabu ya vifo

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie zaidi, kwa sababu tarakimu hizi ni watu. Idadi ya vifo hutegemea nani alihesabiwa kuwa ameuawa na tukio. Baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico mwezi wa Septemba 2017, idadi rasmi ilikuwa 64 kwa miezi mingi. Waliohesabiwa walikuwa wale ambao cheti cha kifo kiliitaja dhoruba. Mgonjwa aliyekufa majuma matatu baadaye kwa sababu umeme wa mashine yake ulikatika, au mzee aliyekosa dawa kwa kuwa barabara zilifungwa, hakuhesabiwa. Watafiti walipolinganisha idadi ya waliokufa katika miezi ile na idadi ambayo ingetarajiwa kama kimbunga kisingekuwapo, walipata vifo vya ziada 2,975, na mwezi wa Agosti 2018 serikali ya kisiwa ikaikubali idadi hiyo kuwa rasmi.

Njia hiyo ya vifo vya ziada ndiyo inayofaa zaidi kwa joto kali, kwa kuwa joto haliachi jeraha. Kiangazi cha mwaka 2003 barani Ulaya kinakadiriwa kuwa kiliua zaidi ya watu 70,000, wengi wao wazee waliokuwa peke yao majumbani, na ni sehemu ndogo tu yao walioandikiwa "joto" katika vyeti vyao. Ukungu mzito wenye moshi ulioifunika London kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ulihesabiwa mwanzoni kuwa umeua watu 4,000. Uchunguzi wa baadaye, uliofuatilia vifo vya miezi iliyofuata, ulikadiria takriban 12,000. Idadi huweza pia kushuka: kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilitajwa kwa muda mrefu kuwa na vifo 1,833, na mwaka 2023 kituo cha vimbunga cha Marekani kikairekebisha kuwa 1,392.

Kwa matukio makubwa ya nchi zilizokuwa na uhesabuji hafifu wa watu, tegemea kupata masafa mapana. Kimbunga cha Bhola kinatajwa kuwa kiliua kati ya watu 300,000 na 500,000. Wengi walichukuliwa na bahari usiku, na visiwa vya delta vilikuwa na vibarua wa msimu ambao hawakuandikishwa popote. Mafuriko ya mto Yangtze ya mwaka 1931 yana makadirio yanayotofautiana kwa mamilioni, kutegemea kama mwandishi anahesabu waliozama tu au anawaongeza waliokufa kwa kipindupindu na njaa katika miezi iliyofuata. Katika hali hiyo usichague tarakimu moja inayopendeza. Taja masafa yote, useme nani alihesabiwa katika kila upande, na usikubali kamwe kuweka wastani, kwa sababu wastani wa makadirio mawili yaliyopimwa kwa njia tofauti hauna maana yoyote.

Tafuta onyo lilikwama wapi

Ukishajua nguvu ya tukio na idadi ya waliopotea, uliza nani alijua mapema. Mji wa Galveston huko Texas uliangamizwa tarehe 8 Septemba 1900; makadirio ya kawaida ni watu 8,000 waliokufa. Sehemu ya juu kabisa ya mji ilikuwa na urefu usiofika mita 3 kutoka usawa wa bahari, na maji yaliyosukumwa na upepo yalipanda zaidi ya mita 4. Hayo ni maelezo ya maumbile. Lakini watabiri wa Cuba, ambao kimbunga kilipita kwao kwanza, waliamini kwamba kinaelekea katika ghuba upande wa Texas, wakati ofisi ya hali ya hewa ya Marekani iliamini kwamba kitakunja kuelekea Florida, na ofisi hiyo ilikuwa imesababisha simu za maandishi za hali ya hewa kutoka Cuba zizuiliwe. Kwangu mimi, historia ya Galveston isiyotaja simu hizo haijakamilika.

Nyaraka za onyo hupatikana katika kumbukumbu za simu, ratiba za redio na taarifa za tume za uchunguzi. Ukisoma kuhusu mafuriko ya bahari ya Kaskazini ya usiku wa tarehe 31 Januari 1953, yaliyoua watu 1,836 nchini Uholanzi na 307 nchini Uingereza, utakuta kwamba redio ya Uholanzi haikuwa ikitangaza usiku, hivyo onyo lililokwisha kuandikwa halikuwafikia waliolala. Nchini Uingereza, dhoruba ya Oktoba 1859 iliyoizamisha meli Royal Charter na kuua takriban watu 450 ndiyo iliyompa Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya huko, hoja ya kuanzisha huduma ya maonyo kwa njia ya simu za maandishi mwaka 1861. Na kwa Bangladesh ushahidi unasomeka kwa kulinganisha miaka: Bhola mwaka 1970; kimbunga cha Aprili 1991 kilichoua watu wapatao 138,000; kisha Sidr mwaka 2007, kimbunga chenye nguvu kubwa pia, kilichoua watu wapatao 3,400. Kati ya tarehe hizo palikuwa na mpango wa kujiandaa ulioanzishwa mwaka 1972, wa watu wa kujitolea wanaotangaza onyo kijiji kwa kijiji, pamoja na majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu ya nguzo.

Katika ukame, onyo huwa refu na uzembe huwa mrefu vilevile. Ukame wa miaka ya 1876 hadi 1878, uliohusiana na El Niño yenye nguvu, uliziathiri India, kaskazini mwa China na Brazil kwa pamoja, na mamilioni walikufa. Anayechunguza sehemu ya India lazima asome takwimu za mvua pamoja na takwimu za bandari, kwa maana nafaka iliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza wakati watu wa Deccan wakifa njaa.

Unapolinganisha ya zamani na ya sasa

Usihitimishe kwamba tufani zimeongezeka kwa sababu tu orodha za miaka ya karibuni ni ndefu zaidi. Kabla ya satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1 ya mwaka 1960, tufani iliyobaki katikati ya bahari bila kukutana na meli haikuandikwa na mtu yeyote. Kimbunga Freddy cha mwaka 2023, kilichodumu siku 36 kikivuka bahari ya Hindi kutoka karibu na Australia hadi Afrika, kingeandikwa katika karne ya 19 kuwa vimbunga viwili au vitatu tofauti.

Wala usielekee upande mwingine, ukasema kwamba mambo haya yamekuwapo sikuzote na hakuna jipya. Wanasayansi sasa hupima kiasi ambacho ongezeko la joto la dunia limebadilisha uwezekano wa tukio mahususi, kwa kulinganisha mifano ya kompyuta ya hali ya hewa ya leo na ya dunia isiyo na ongezeko hilo. Tarehe 29 Juni 2021 kijiji cha Lytton nchini Kanada kilifikia nyuzi 49.6, na siku iliyofuata kikateketea kwa moto. Watafiti waliolichunguza wimbi hilo la joto walisema kwamba karibu lisingewezekana kabisa bila mabadiliko ya tabianchi. Unapoinukuu kazi ya namna hiyo, taja eneo na muda uliochunguzwa, kwa sababu jibu la joto la siku tatu si jibu la mvua ya mwezi mzima.

Kuandika na kuhifadhi ulichokipata

Katika maandishi yako ya mwisho, kila tarakimu ifuatane na mahali, muda na njia iliyotumika kuipima. Badala ya "mvua kubwa ya milimita 1,825", andika "milimita 1,825 katika saa 24, Foc-Foc, Januari 1966". Kama chanzo kilitumia inchi, maili au futi, hifadhi kipimo cha awali katika daftari lako hata kama utachapisha kwa mita, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa wakati wa kubadilisha vipimo.

Kisha usiache nakala zako za vipimo zipotelee kabatini. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa kujitolea nchini Uingereza, wakiwa majumbani mwao, walinakili katika kompyuta mamilioni ya vipimo vya mvua vilivyokuwa vimelala katika karatasi za kale. Kwa vipimo vya mgandamizo wa hewa vilivyookolewa kwa njia hiyo hiyo, wataalamu waliweza kuijenga upya dhoruba ya Februari 1903 iliyopita juu ya Ireland na Uingereza, wakaona kwamba ilikuwa miongoni mwa dhoruba kali kuliko zote zilizozipata nchi hizo. Karatasi chache ulizozipata wewe zinaweza kuwa na kazi kama hiyo, mradi zimepangwa vizuri kabla ya kupelekwa kwa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi husika. Weka safu ya tarehe kama ilivyoandikwa na safu nyingine ya tarehe iliyosahihishwa, safu ya mahali, ya aina ya chombo, ya kipimo cha awali, ya kipimo kilichobadilishwa, na ya maelezo kuhusu mwandiko au maneno yasiyosomeka. Piga picha ya kila ukurasa. Na siku ambayo haikupimwa iachwe wazi bila kuwekewa sifuri, kwa sababu atakayeisoma sifuri hiyo ataamini kwamba siku hiyo mvua haikunyesha.